Kinga ya Roma na kinga ya Kolwezi

Watu wa pwani husema baisikeli. Sisi huku twasema kinga. Jina si kitu. Mnajua wenyewe kazi yake. Ndiyo inayobeba ndizi na mafuta ya mawese, ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali usiku, na kijana anayetaka kuoa huiosha kwanza kinga yake kabla ya kwenda kuonekana ukweni. Mtu akiibiwa kinga, majirani hawamwambii, «Pole kwa chuma chako.» Humwambia pole kama aliyefiwa.

Katika ukumbi wa parokia yetu tulionyesha filimu mbili, juma moja baada ya jingine, na zote mbili ni habari ya mtu na kinga yake. Ya kwanza ilitengenezwa Italia mwaka 1948, haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, nayo inaitwa Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baisikeli. Ya pili ilitengenezwa hapa kwetu Kongo na Mfaransa, ikatoka mwaka 2017, nayo inaitwa Makala. Jina hilo halihitaji kuelezwa.

Juma la kwanza watu walilia. Juma la pili walikasirika. Mzee mmoja, katekista wa siku nyingi, alisimama taa zilipowashwa, akasema: «Ile ya kwanza ni mchezo, nimeupenda. Hii ya pili ni kweli tupu, nami siipendi. Kwa nini Mzungu aende kuonyesha Ulaya jasho la mtoto wetu na panya anayemla?» Watu wengi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimezichagua filimu hizo, basi nilinyamaza kama mtu aliyepika chakula kikawakwama wageni. Nikaahidi kumjibu mzee huyo katika gazeti. Jibu ndilo hili, wala si lote la kumpinga.

Nianze na Roma. Vita vimekwisha, kazi hakuna. Antonio Ricci, mwenye mke na watoto wawili, anaitwa kupewa kazi ya kubandika matangazo ukutani. Lakini sharti awe na kinga, na kinga yake ameiweka rehani. Mke wake, Maria, hasemi mengi. Anavua mashuka ya kitandani, anayafunga, anayapeleka rehani, nao wanaikomboa kinga. Katika nyumba ya rehani tunamwona mtumishi akipanda juu, juu kabisa, kwenye rafu zilizojaa mashuka ya watu wengine mpaka darini. Hakuna anayesema neno. Umekwisha kujua kwamba mji mzima unalala bila mashuka.

Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi akibandika picha ya mwanamke wa sinema ya Marekani, na mwizi anaiondoa kinga. Yaliyobaki ni kutafuta tu. Jumapili nzima baba na mwanawe Bruno wanatembea Roma: sokoni, kanisani, kwa mwanamke mwaguzi, katika mtaa wa mwizi mwenyewe, ambako jirani wote wanamkingia mwenzao. Askari hawezi kitu, maana hakuna shahidi. Jioni wanafika karibu na uwanja wa mpira. Kinga mamia zimeegeshwa pale. Antonio anampa mtoto nauli ya tramu, amwondoe macho yake, kisha anaiba. Anakamatwa mara. Mtoto hakuipata tramu, ameona yote.

Siwaelezi mwisho kwa walioikosa, ila nasema tu kwamba mwenye kinga anamtazama mtoto, halafu anaiacha kesi.

Katika ukumbi wetu kijana mmoja alisema kwa sauti, «Kwa nini hakuifunga na mnyororo?» Watu walicheka. Dakika thelathini baadaye kijana huyo huyo hakucheka tena. Hiyo ndiyo nguvu ya filimu hii. Inaanza na jambo dogo, ambalo magazeti ya Roma yasingeandika hata mistari miwili, na haiongezi kitu: hakuna mauaji, hakuna mali ya urithi inayojitokeza, hakuna tajiri mwema anayeshuka katika motokari. Jambo linabaki dogo mpaka mwisho, lakini sisi tunaotazama tunakuwa ndani yake.

Aliyelieleza vema kuliko wote ni Mfaransa André Bazin. Alizaliwa mwaka 1918, akafa mwaka 1958 akiwa na miaka arobaini tu. Alikuwa mmoja wa walioanzisha gazeti la Cahiers du cinéma mwaka 1951. Kabla ya hapo alikuwa akichukua filimu akaenda kuzionyesha kwa wafanyakazi viwandani, kisha akazungumza nao, na nadhani ndipo alipojifunza kusema mambo magumu kwa urahisi. Mwaka 1949 aliandika juu ya filimu hii katika gazeti la Esprit. Aliona kwamba neno lake zito halitamkwi na mtu yeyote ndani ya filimu: yaani katika dunia ile maskini hana njia ya kuishi ila kumwibia maskini mwenzake. Kama ingetamkwa, tungeikataa, tungesema ni siasa. Kwa kuwa haitamkwi, tunaipata wenyewe njiani tunaporudi nyumbani.

Tena Bazin aliona jambo la mtoto. De Sica, mwenye kutengeneza filimu, hakumjaribu Bruno kwa maneno au kwa machozi. Alimjaribu kwa mwendo, kama hatua zake fupi zinafaa kando ya hatua ndefu za baba. Tazameni mkiiona tena. Baba akiwa na matumaini, mtoto hutangulia. Baba akikata tamaa, mtoto hubaki nyuma. Baba alipompiga kofi, mtoto anahamia upande wa pili wa njia, na vivuli vya miti viko kati yao. Bila mtoto filimu hii ingekuwa habari ya kazi na umaskini. Kwa sababu ya macho ya mtoto imekuwa habari ya heshima ya baba, na hapo ndipo wazee wetu walipolia.

Wale wawili hawakuwa wachezaji wa sinema. Lamberto Maggiorani, aliyemcheza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Enzo Staiola alikuwa mtoto wa Roma tu. Tajiri mmoja wa sinema wa Marekani, David Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha, mradi Antonio achezwe na Cary Grant. Wazee mliomwona Cary Grant mtacheka: mtu yule nguo zake zilimkaa vizuri mno, hata akivikwa matambara angeonekana kama waziri aliyepotea njia. De Sica alikataa. Naye Maggiorani baada ya filimu alirudi kiwandani, kisha kazi zilipopungua akaachishwa. Wakuu wake walidhani sinema imemtajirisha. Hilo mzee wetu katekista hakulijua. Hata ile anayoiita mchezo ilimgharimu mtu.

Wengine walinung'unika kwa sababu ya kanisa. Katika filimu Antonio anamfuata mzee mmoja mpaka mahali ambapo watu wema wanawanyoa maskini, wanawaongoza kusali, halafu wanawapa supu. Antonio anasumbua sala, anavuta watu, anafukuzwa. Je, De Sica anacheka Kanisa? Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi. Watu wale si wabaya. Ila wana saa yao, wana utaratibu wao, na mtu mwenye taabu ambayo haimo katika utaratibu anawachafulia kazi. Antonio naye hakuja kusali. Inachoma, ndiyo, kila mmoja anayegawa kitu katika parokia itamchoma. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia, Vatikano ilitoa orodha ya filimu 45 zinazostahili kukumbukwa, na Ladri di biciclette imo. Waliochukizwa kwa kweli ni wasimamizi wa sinema wa Marekani, mwaka 1950, nao walichukizwa na nini? Na mtoto anayegeukia ukuta ili akojoe, na baba anayemfuata mwizi mpaka ndani ya nyumba ya malaya. Walitaka vikatwe. De Sica alikataa tena.

Sasa nije kwenye neno la mzee: kwamba ile ni mchezo na hii ni kweli tupu. Hapo ndipo nisipokubali.

Filimu za watu na mambo halisi, ambazo Wafaransa wanaziita dokumentere, zina babu yao. Inaitwa Nanook of the North, ya mwaka 1922, ya Mmarekani Robert Flaherty, iliyopigwa kaskazini ya Kanada kwenye barafu. Picha zake za kwanza Flaherty aliziteketeza mwenyewe mwaka 1916, moto wa sigara ulipoangukia mikanda. Akarudi kwenye baridi, akaanza upya. Filimu ni nzuri ajabu. Lakini mtu yule hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Mke tunayemwona si mke wake. Watu wa pale walikuwa tayari na bunduki, naye Flaherty aliwaomba wawinde kwa mikuki kama babu zao. Nyumba ya barafu ilikuwa na giza ndani, basi wakajenga nyingine isiyo na upande mmoja ili mwanga uingie, na familia ikalala mbele ya kamera, upepo ukiwapiga. Katika sehemu moja Nanook anaonyeshwa gramafoni, anaiuma sahani yake kwa meno kama mtu asiyejua kitu. Alijua. Na fedha za filimu zilitolewa na kampani ya Wafaransa iliyonunua ngozi za wanyama kwa watu hao hao.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Bazin aliipenda sana sehemu ambapo Nanook anamngoja sili kwenye tundu la barafu. Alisema ukweli wake ni ule urefu wa kungoja, ambao Flaherty hakuukatakata. Kumbe sili yule alikuwa amekwisha kufa, na kamba ilikuwa ikivutwa na watu waliosimama nje ya picha! Tunaona Nanook akivutwa, anaanguka, anateleza, tunacheka. Ni rafiki zake wanaomvuta. Je, Bazin alidanganyika? Alidanganyika juu ya sili. Juu ya kungoja hakudanganyika, maana mwindaji huyo alijua kungoja, na mwili wake unaonyesha. Ndiyo sababu sikubali kugawa filimu katika mafungu mawili, kweli huku na uongo kule, kama mahindi na makapi. Katika Ladri di biciclette kila kitu kimepangwa, hata wapita njia, na mambo ni kweli. Katika Nanook watu ni halisi, na mambo kadhaa yamepangwa na kufichwa. Ubaya si kupanga. Ubaya ni kumpanga mwenzako aonekane mjinga au mtu wa kale kuliko alivyo, halafu kuapa kwamba ndivyo ulivyomkuta.

Wazee wetu wanalijua jambo hilo. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuona filimu yoyote aipendayo. Serikali ilikuwa na watu wa kuchagua zipi zinamfaa. Nao waliotengeneza filimu kwa ajili yetu walifundishwa kwamba sisi hatuwezi kufuata picha zinazobadilika upesi, basi kila kitu kiende polepole, mtu atoke mlangoni, apite uani, afike njiani, bila kurukwa hatua moja. Hata mapadri walitengeneza. Padri Albert Van Haelst wa Scheut, kule Kasai, alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950, na mpaka leo kuna wazee wanaocheka wakitajiwa jina la Matamata. Mimi nasema zile zina uhai, kwa sababu wachezaji wenyewe walizidi mafunzo waliyopewa wayafundishe. Lakini niruhusuni nicheke kidogo. Polepole ile iliyofikiriwa kuwa ni kwa ajili ya akili zetu ndogo, leo wataalamu wa Paris wanaisifu! Filimu ikienda polepole Ulaya, inapewa tuzo.

Basi Makala nayo inakwenda polepole, na mwaka 2017 ilipewa tuzo kubwa ya Juma la Wakosoaji huko Cannes. Aliyeitengeneza ni Emmanuel Gras. Kijana Kabwita, wa kijiji cha Walemba, anakata mti mkubwa peke yake. Anaufunika kwa udongo, anauchoma siku nyingi, anapata makala, anayafunga magunia, anayapanga juu ya kinga mpaka kinga haionekani tena. Kisha anaisukuma mpaka Kolwezi, kilometa hamsini hivi za vumbi na milima. Anataka kununua mabati. Mapema katika filimu yeye na mke wake wanaizungumza nyumba watakayojenga, wanahesabu vyumba na miti ya matunda, na hakuna anayewacheka. Njiani malori yanampita karibu mno. Wenye nguvu wanamzuia, anatozwa. Mjini anapita kwa shemeji yake, anaacha viatu vya binti yake. Anauza magunia, wanunuzi wanamvuta bei chini. Akiuliza bei ya mabati, inamshinda. Usiku anaingia katika kanisa la mkesha, anasali pamoja na umati. Filimu inaishia hapo.

Mnisikilize vizuri: sehemu ya kukata mti na sehemu ya kusukuma ni miongoni mwa picha bora nilizoona katika maisha yangu. Wengi wetu tumepita barabarani ndani ya gari, tukawaona hao wa makala, tukapiga honi. Hatujapata hata mara moja kukaa na mmoja wao muda wa mlima mmoja. Gras anakaa. Tunasikia gurudumu, tunasikia pumzi. Tunaona jinsi fimbo iliyofungwa kwenye usukani inavyomsaidia, jinsi anavyoegemea mzigo kwa bega ili usimlalie. Ni ufundi. Aliyesema kwamba filimu inamdharau Kabwita hakuitazama mikono yake. Tena wanazungumza Kiswahili chao wenyewe, cha Katanga, na watu wa Ulaya ndio waliolazimika kusoma maandishi chini ya picha. Hilo nalo lilinifurahisha, siwafichi.

Na huyo panya? Ni kweli, mama anamwoka. Lakini mzee wangu, sisi sote tumekula panya wa porini, tukasifu. Aibu haikuwa katika chakula. Aibu ilikuwa katika kujua kwamba Mzungu anatazama. Aibu ya namna hiyo si kosa la Kabwita, wala sioni kwamba ni kosa la Gras, kwa maana kamera yake haikusogea karibu na sufuria kwa kushangaa.

Lakini mzee amegusa jambo jingine, ingawa alilisema kwa njia ya panya. Katika mlima mmoja Kabwita anashindwa. Kinga inarudi nyuma, anaizuia kwa mwili wote. Nasi tuko nyuma yake, karibu sana, tunatazama shingo yake. Ukumbini mama mmoja alisema, «Jamani, msaidieni!» Hakuwa akisema na watu wa ndani ya filimu. Alikuwa akisema na yule aliyeshika kamera. Katika Ladri di biciclette hakuna anayepaza sauti hiyo, kwa kuwa tunajua Maggiorani atavua kofia ya Antonio jioni aende kwake. Katika Makala mlima ni mlima. Mtu mwenye mikono miwili yuko pale, na mikono yake ina kazi nyingine.

Watetezi husema: angesaidia, angeharibu ukweli. Sijibu haraka. Ni kweli kwamba kama Gras angesukuma, tungeona filimu ya wema wa Gras, nazo filimu za namna hiyo tunazo nyingi mno. Lakini kuna mahali ambapo kamera inamngoja Kabwita juu ya mlima, mbele yake. Basi mtu alitangulia, akachagua pahali, akaweka kamera. Ukweli ulikwisha kuguswa. Kinachonisumbua si kwamba hakusaidia. Kinachonisumbua ni kwamba filimu inajifanya kana kwamba Kabwita yuko peke yake, wakati hayuko peke yake. Anatembea na Wazungu wenye vyombo, na kila aliyekutana naye njiani aliwaona. Filimu imewafuta. Ingewaacha hata mara moja, hata kivuli tu barabarani, ningeiamini zaidi. Pia muziki: zeze kubwa la Ulaya linalia juu ya barabara ya Katanga, zuri kweli, lakini linatuambia tuhuzunike mahali ambapo Kabwita mwenyewe hahuzuniki; anafikiri juu ya gurudumu.

Ndiyo sababu nataka mzee wetu aone filimu ya tatu kabla ya kuzikataa zote. Mtengenezaji ni mtoto wa Kisangani, Dieudo Hamadi, aliyezaliwa mwaka 1984. Huyu anafanya kazi na watu wachache sana, mara nyingi anashika kamera mwenyewe, na alisomea uganga kabla ya sinema. Filimu zake nyingine nimezisifu mbele ya watu wengi: Examen d'État ya mwaka 2014, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada, wakapanga nyumba wajifundishe wenyewe mtihani wa serikali, na Maman Colonelle ya mwaka 2017, juu ya mama afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Katika ile ya mtihani wahubiri wanabariki kalamu za wanafunzi, na wakati huo huo wanafunzi wanatafuta mbinu za kupata majibu kwa simu. Hamadi haongezi maneno. Hana haja.

Lakini ninayoisema hapa ni En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Wenyeji wa Kisangani wanakumbuka vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Raia mamia walikufa. Wengine walibaki bila miguu, bila mikono. Mahakama ya kimataifa iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilipe. Kiasi chenyewe, dola milioni 325, kiliamuliwa tu mwaka 2022. Miaka ilipita, wale waliokatwa miguu hawakuona kitu. Basi wakapanda chombo, wakashuka mto mpaka Kinshasa kwenda kudai. Filimu inakwenda nao. Mvua inanyesha juu ya turubali, wanagombana, wanaimba, wanavua miguu ya bandia wapate usingizi. Kinshasa wanafika mlangoni pa Bunge kwa magongo, wanazuiwa.

Tofauti na Makala iko wapi? Wote wawili, Gras na Hamadi, wanafuata watu wanaoteseka njiani. Ila watu wa Hamadi wanajua kwa nini kamera ipo, nao wanaitumia. Wanasema mbele yake. Tena katikati ya safari filimu inatuonyesha watu hao hao jukwaani, wakicheza mchezo wa mateso yao wenyewe, wamevaa, wamepangwa, wamefanya mazoezi. Mchezo na kweli vimekaa pamoja bila kuoneana haya. Picha za usiku mtoni hazipendezi kama zile za Gras, mahali pengine zimetikisika kwa sababu chombo kimetikisika, na kuna nusu saa Kinshasa ambayo ningeipunguza. Hata hivyo nikiulizwa ipi ibaki kwa wajukuu wetu, nachagua hiyo.

Mzee wangu, nakuomba usirudie neno la «kweli tupu». Uliza maswali mengine. Nani alitoa fedha? Mtu anayeonyeshwa alijua nini? Kitu gani kimefutwa? Kwa Roma, Selznick alitaka kuleta fedha na sura yake, akakataliwa. Kwa Nanook, fedha ilikuwa ya wauza ngozi, na tunaona watu wasio na bunduki. Nao wale wanaoitwa watengenezaji wasio na bwana hawako huru hivyo hivyo tu. Satyajit Ray wa Bengali aliiona Ladri di biciclette mjini London mwaka 1950, akaamua kutengeneza filimu ya kijiji chao, Pather Panchali. Ikamchukua miaka, vito vya mke wake vikaenda rehani kama mashuka ya Maria, mpaka serikali ya jimbo ikampa fedha. Kwa kuwa jina la filimu lina neno njia, fedha hizo ziliandikwa kwenye fungu la kutengeneza barabara. Filimu ilitoka mwaka 1955, nayo haina bwana anayeonekana.

Jambo la mwisho. Baada ya ile Makala kijana wa kinga, yule wa mnyororo, alinifuata nje. Ana simu yenye kamera. Mjomba wake anasukuma makala, naye anataka kumpiga picha njia nzima, mlima wetu huu wa nyuma ya misioni. Aliniuliza: mzigo ukianza kurudi nyuma, nifanye nini, nishike simu au nishike kinga? Nilimwambia amwulize mjomba kwanza kama anataka kupigwa picha, halafu amwulize na hilo pia. Juma lililofuata alirudi. Mjomba amekubali, kwa masharti mawili: avae shati lile jeupe, na kijana aje na mdogo wake, mmoja ashike simu, mmoja asukume, wabadilishane kila kilometa. Nimekwisha kuona dakika kumi za kwanza. Picha zinaruka, sauti ni ya upepo, na kila baada ya muda kidogo mkono wa mtoto unaingia kwenye picha, unalisukuma gunia.

Tumeweka filimu ya Hamadi Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya rozari. Mzee katekista ameahidi kuja. Amesema atakaa mbele.